Sindano Iliyotangulia Nyama

Asubuhi ile Hilwa alikula mayai matatu, mapande mawili ya kuku wa kuchoma aliyebaki jana, na kipande cha jibini. Hakugusa mkate. Kabla ya kula alijidunga insulini yake ya haraka, uniti kumi, kama alivyojidunga kila asubuhi kwa miaka minne, tangu enzi za chapati mbili na chai ya maziwa. Kwamba chakula kimebadilika na sindano imebaki ile ile, hilo halikumpitia akilini.

Mama yake, Bi Masuda, alikaa upande wa pili wa meza akimtazama.

"Na huu mkate wa kumimina nimempikia nani?"

"Mama, nilikwambia. Nimeacha wanga."

"Wanga umekukosea nini? Umekulea."

Hilwa alikwisha simama, anatafuta funguo huku akitafuna. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na miezi ya karibuni alikuwa hawezi kukaa mahali pamoja. Tangu daktari amwongezee dozi ya usiku kwa mara ya tatu ndani ya mwaka, alikuwa akilala akisikiliza vidole vyake vya miguu. Vilikuwa vikimwasha, vikifa ganzi, vikirudi. Baba yake, Mzee Humoud, aliyewaleta Dubai kutoka Unguja yeye akiwa msichana mdogo, alikatwa mguu kwa sukari, akazikwa mwaka uliofuata. Hilwa ndiye aliyekuwa akimfunga vidonda. Basi aliposikia walimu wenzake wakisimulia mtu aliyeacha wali na mkate, akala nyama, samaki na mayai tu, na sukari yake ikashuka, hakungoja kumuuliza daktari. Alingoja Jumamosi tu, mwanzo wa wiki, akaanza.

Kazi yake ilikuwa kufundisha gari. Chuo cha udereva alichofanyia kazi kilikuwa na walimu wanawake sita kwa ajili ya wanafunzi wanawake, na Hilwa ndiye aliyekuwa na sifa ya ukali. Mwaka ule wa 2005 leseni ya Dubai ilikuwa haipatikani kirahisi. Watu wakianguka mtihani mara tano, mara saba, na wengine wakikata tamaa wakarudi kwenye teksi. Mwanafunzi wake wa saa mbili asubuhi alikuwa Lois, Mkenya wa Nakuru, mpokeaji wageni katika hoteli moja ya Al Rigga. Lois alikwisha anguka mara nne. Hoteli ilimuahidi kazi ya kuzunguka maofisini kutafuta wateja, lakini kazi hiyo ilitaka dereva, na mtihani wake wa tano ulikuwa wiki tatu mbele.

"Kioo," Hilwa alimwambia walipotoka getini.

"Nimeangalia, Mwalimu."

"Umeangalia kwa macho. Shingo haikugeuka. Mtahini wa polisi anatazama shingo."

Walipita barabara za Al Qusais, wakaegesha, wakarudi nyuma, wakaegesha tena. Saa tatu ilipokaribia, Hilwa alianza kuhisi joto, akaongeza kiyoyozi. Kisha alihisi hasira. Lois alikuwa anaendesha vizuri tu, ila kila alichofanya kilimkera Hilwa: namna alivyoshika usukani, namna alivyopumua. Akamgombeza kwa kosa ambalo hakulifanya, halafu akamgombeza kwa kuomba radhi.

Waliingia kwenye mzunguko mkubwa wa barabara.

"Nitoke wapi, Mwalimu?"

"Endelea."

Lois akauzunguka wote. "Hapa?"

"Endelea."

Mara ya pili. Lois alidhani ni jaribio, kwamba mwalimu anampima kama ataweza kubaki kwenye mstari wake. Akashika usukani kwa mikono miwili, akaendelea. Mara ya tatu aliuliza tena, na Hilwa akasema neno ambalo halikuwa la Kiswahili wala la Kiarabu. Lois akageuka kidogo. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma kwa nguvu zote, lakini shela ya mwalimu ilikuwa imelowa jasho kwenye paji la uso, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukipapasa mlango kama anatafuta kitu kilichoanguka.

Lois alikuwa na kaka huko kwao, Isaiah, ambaye sukari ilimwanza akiwa darasa la sita. Alikuwa ameliona jasho lile.

Akawasha indiketa, akatoka njia ya kwanza iliyokuja, akasimamisha gari mbele ya baqala, duka dogo la mtaani, akavuta breki ya mkono.

"Nani kakwambia usimame?" Hilwa alisema, maneno yakiburutika.

"Nakuja, Mwalimu."

Alirudi mbio na paketi ya juisi ya embe, akachomeka mrija. Hilwa akausukuma mkono wake.

"Sinywi sukari. Nimeacha."

"Kunywa."

"Nimeacha, nakwambia. Tangu leo."

"Mwalimu, kunywa. Kama nimekosea utanigombeza baadaye. Lakini kunywa sasa."

Alimshika kichwa kwa nyuma kama anavyoshikwa mtoto, akamweka mrija mdomoni, na Hilwa, labda kwa kuchoka kubishana, akavuta. Alimaliza paketi. Lois akampa ya pili, akanywa nusu.

Zilipita dakika kumi na tano kabla ya Hilwa kujua yuko wapi. Alifungua mkoba, akatoa mashine yake ya kupimia, akachoma kidole. Sabini na nne. Ikiwa ni hiyo baada ya juisi moja na nusu, hakutaka kufikiri ilikuwa ngapi pale kwenye mzunguko. Walikaa mpaka ilipofika mia na ishirini. Kisha Lois akawarudisha chuoni, polepole, na njia nzima mwalimu hakumkosoa hata mara moja.

Getini Hilwa alisema, "Haya ya leo yabaki ndani ya gari."

"Sitasema kitu." Lois alifungua mkanda wake, akabaki amekaa. "Lakini kesho itakuwa vipi?"

Hilwa alishuka, akafunga mlango.

Alisingizia kichwa kumuuma, akafuta vipindi vyake vilivyobaki, akarudi nyumbani. Teksi ilikwama kwenye foleni na yeye akawa anapiga hesabu zake kwenye kiti cha nyuma. Alijiona amelielewa kosa. Insulini ni ya wanga, alijiambia. Kama hakuna wanga, insulini ya nini? Sindano ndiyo iliyomwangusha. Basi mchana ule alichoma nyama ya mbuzi, sahani iliyojaa, akaikatia saladi ya tango na nyanya, akala akashiba, na kalamu yake ya kudungia insulini akaiacha ndani ya friji.

Saa nane alipima: mia thelathini na tano. Alifurahi. Alimwonyesha mama yake namba ile.

Saa kumi: mia na tisini na nane. Akafikiri ni uchovu.

Baada ya hapo hakutulia tena. Alikunywa maji, akaenda chooni, akanywa maji tena. Alipanga upya kabati la viungo. Alikwenda dirishani akatazama watoto wakicheza mpira kwenye uwanja wa kuegeshea magari, akarudi, akafungua friji, akaifunga. Magharibi ilipokaribia alipima tena, akaiona namba, akaenda kunawa mikono kwa sabuni kwa kudhani vidole vilikuwa na uchafu, akapima kidole kingine. Mia mbili na tisini na moja.

"Sijala kitu," alisema kwa sauti. "Sijala hata tende. Nyama tu. Nyama na tango."

Alijidunga uniti nane. Baada ya nusu saa alipima: mia mbili na themanini na nane. Akaichukua tena kalamu, akaanza kuizungusha kuweka nane nyingine. Hapo Bi Masuda, aliyekuwa akisali sebuleni, alikwisha toa salamu. Alikuja na kanzu yake ya sala, akamshika kifundo cha mkono.

"Umeshajidunga."

"Haishuki, mama."

"Haishuki kwa nusu saa. Baba yako alikuwa hivyo hivyo. Anadunga, hangoji, anadunga tena, halafu tunamwokota chini." Aliichukua kalamu mkononi mwa binti yake, akaitia kifuani ndani ya nguo. "Kaa."

"Siwezi kukaa."

"Basi tembea. Lakini hii hupewi."

Hilwa alitembea. Alikwenda na kurudi kwenye ukumbi, hatua tisa huku, hatua tisa kule, na mama yake akakaa kitini akivuta tasbihi na kumtazama. Ilipofika saa mbili na nusu sukari ilikuwa mia mbili na kumi, na inashuka. Hapo ndipo Bi Masuda alipoirudisha kalamu frijini, akamletea ile nyingine, ya insulini ya taratibu, ya kila siku kabla ya kulala.

Asubuhi alikwenda Oud Metha, kwenye kliniki yake. Daktari alikuwa na foleni ndefu, lakini muuguzi wa wagonjwa wa sukari alimwita kwanza. Aliitwa Agneta, mwenyeji wa Bukoba, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alimsikiliza Hilwa mpaka mwisho, akimkatiza tu kuuliza saa. Ulijidunga saa ngapi? Ulikula saa ngapi? Ukapima saa ngapi? Alipima na mkojo wake vilevile, kuona kama kuna sumu inayojikusanya mtu akikosa insulini, akaridhika.

"Mama, umefanya makosa mawili, na yote mawili watu wengi wanayafanya," alisema. "La kwanza la asubuhi. Insulini ile ya haraka inaanza kazi ndani ya dakika kumi na tano, na ikifika saa moja, saa moja na nusu, ndiyo ina nguvu kabisa. Chapati na yenyewe iko hapo, inakutana nayo. Jana ulikula mayai na kuku. Sindano imefika, sukari ya chakula haijafika. Ikachukua ile iliyokuwemo kwenye damu yako."

"Hilo nililielewa, Sista. Ndiyo maana mchana sikujidunga."

"Na hilo ndilo la pili. Nyama si wanga, lakini mwili unaigeuza sehemu yake kuwa sukari. Si yote, na si kwa haraka. Saa ya tatu, ya nne, ya tano, inaingia kidogo kidogo. Mtu akila wali na nyama haioni, kwa sababu dozi ya wali inaifunika. Ukiondoa wali, inaonekana. Na jana ulikuwa na juisi mwilini, na mwili ulishashtuka asubuhi ukatoa sukari yake wenyewe. Yote yalijumlishana."

Hilwa alikuwa anapiga piga mguu wake chini ya kiti. "Basi nirudi kwenye chapati."

"Sijasema hivyo. Chakula chako si kibaya. Unaweza kukila. Usichoweza ni kubadilisha sahani peke yako na kuiacha dozi ya zamani, au kuitupa. Daktari atakupunguzia. Kwa watu wa chakula hiki mara nyingi anawaambia wadunge kidogo, tena baada ya kula, si kabla. Halafu kidogo nyingine baadaye, wakishapima. Lakini namba ni zake na mwili ni wako. Utapima saa moja baada ya kula, saa tatu, saa tano, wiki mbili, chakula kile kile na kipimo kile kile cha nyama. Hapo ndipo tutajua wewe ukoje. Ile ya usiku usiiache hata siku moja, hata ukifunga kula."

Aliandika, akainua macho. "Unafanya kazi gani?"

"Mwalimu."

"Wa shule?"

Hilwa angeweza kusema ndiyo. "Wa gari," alisema.

Agneta aliweka kalamu chini. Hakupandisha sauti. "Jana ulikuwa barabarani?"

"Nilikuwa kwenye kiti cha mwalimu. Mwanafunzi ndiye aliyetutoa."

"Hakuna kupanda gari chini ya mia. Unapima kabla ya kila kipindi, na unapima katikati. Na kazini lazima wajue, mama. Usipowaambia wewe, siku nyingine atawaambia askari wa ajali."

Msimamizi wa chuo, Bwana Tamim, alikuwa mtu wa maneno machache. Hilwa alimweleza kwa Kiarabu, akiwa amesimama, akaanza na mzunguko wala hakupunguza kitu. Alitarajia kufukuzwa. Bwana Tamim alizungusha tasbihi yake kidoleni muda mrefu.

"Ungeniambia miaka minne iliyopita," alisema. "Khalas, yamekwisha. Utafundisha darasani. Ukileta barua ya daktari kwamba umetulia, tutazungumza habari ya gari. Wanafunzi wako nitawagawa."

Lois alipewa mwalimu mwingine.

Wiki zile zilikuwa ndefu. Hilwa alisimama mbele ya ubao wenye alama za barabarani, akisogeza vigari vya sumaku mbele ya wanawake thelathini, na kila baada ya dakika chache alijikuta dirishani, akitazama magari ya chuo yakitoka na kurudi. Alikosoa shingo za watu kupitia kioo. Nyumbani alikula kuku kipimo kimoja, akapima, akasubiri, akapima. Siku ya kwanza ya dozi mpya alikuwa na tisini na sita saa ya kwanza, akasogeza tende karibu. Saa ya tatu mia sabini, saa ya tano mia mbili na kumi na nne. Daktari akamwongezea ile ndogo ya pili. Siku nyingine sukari ikashuka sana, akala tende mbili jikoni akiwa amesimama. Siku nyingine ikatii. Siku iliyofuata, kwa chakula kile kile na dozi ile ile, haikutii, na alilia kwa hasira mbele ya Bi Masuda.

"Baba yako hakupima hata mara moja kwa wiki," Bi Masuda alisema. "Wewe unalia kwa sababu umeona. Bora kuona."

Bi Masuda mwenyewe alikuwa amebadilika. Alianza kumkatia samaki vipande sawa, akimuuliza kama hiki ni kikubwa. Na siku moja alimwekea vijiko vitatu vya wali pembeni ya sahani. Hilwa alimuuliza daktari kwa simu, na daktari akasema vijiko vitatu havina tatizo ilimradi avihesabu. Aliula ule wali polepole sana.

Wiki ya tatu Lois alipiga simu saa nne asubuhi. Hilwa alitoka darasani kuipokea.

"Mwalimu, nimepita."

"Umepita?"

"Nimepita. Mtahini hakusema kitu, aliandika tu."

"Alikupitisha mzunguko?"

"Miwili."

"Na shingo?"

"Niligeuza mpaka imeniuma."

Hilwa alimpongeza kwa moyo. Lakini alipokata simu alibaki pale ukumbini. Alimfundisha miezi mitano, na siku ya kupita mtu mwingine ndiye aliyekuwa akimngoja getini. Alirudi darasani akafundisha alama ya kutoa njia kwa ukali usiohitajika.

Barua ya daktari ilitoka mwisho wa mwezi wa tano. Bwana Tamim aliisoma mara mbili, akasema Hilwa arudi kwenye gari Jumamosi, vipindi viwili kwa siku kwanza, na kabla ya kila kipindi aonyeshe namba ya mashine ofisini. Hilwa hakupenda hilo la kuonyesha. Alikubali.

Ijumaa kabla ya Jumamosi hiyo, Lois aliwachukua yeye na Bi Masuda kwenda Hatta, kwenye bwawa la milimani, kwa gari alilokodi. Ilikuwa safari yake ndefu ya kwanza. Bi Masuda alikaa nyuma na kikapu cha nyama iliyokwisha kolezwa ndimu na pilipili manga. Hilwa alikaa mbele, na mpaka wanafika milimani alikuwa hajapata pa kuiweka mikono yake. Alimwambia Lois apunguze mwendo, kisha aongeze, kisha akamwomba radhi.

"Niko sawa, Mwalimu," Lois alisema bila kuondoa macho barabarani. "Wewe je?"

"Mia na kumi na tatu. Nimepima ulipokuwa unatia mafuta."

Walichoma nyama chini ya kivuli cha mwamba, mbali kidogo na bwawa. Jua lilikuwa kali, na Lois alilia kwa moshi. Hilwa alikula kipimo chake, akanawa, akajidunga dozi ndogo baada ya tonge la mwisho, mbele yao, bila kugeuka. Lois alimuuliza kama inauma, kwa sababu Isaiah husema haiumi na yeye hakuwahi kumwamini.

"Inauma kidogo. Siku nyingine haiumi. Mwambie akipima mara nyingi asijione mgonjwa zaidi."

Lois na Bi Masuda wakashuka kuyaona maji. Hilwa hakwenda nao. Alikusanya sahani, akazima makaa, akatembea huku na huku juu ya changarawe akitazama saa yake, kwa sababu dozi ya pili ilikuwa haijafika wakati na hakuna la kuiharakisha. Mara mbili alitoa mashine kwenye mkoba, na mara mbili akairudisha. Walipopanda tena kutoka bwawani, mama yake ameshikwa mkono na Lois, ndipo alipochoma kidole. Mia sitini na tatu. Si nzuri sana, si mbaya. Akajidunga mbili, akatia kalamu kwenye mkoba, akaenda kumfungulia mama yake mlango.

"Yalla, twende," alimwambia Lois. "Kioo kwanza."